Fundi Asiyetajwa wa Chajiuza

Pa. Shwaa. Pa. Shwaa.

Siwema aliusikia mlio huo kabla hajafumbua macho. Giza lilikuwa bado nene, jogoo hajawika, na kutoka kitandani mpaka kwenye mtungi wa maji ni hatua kumi na moja. Alizihesabu zote. Mguu wa kulia ulikanyaga sakafu kama mguu wa mtoto yeyote. Wa kushoto, uliozaliwa mfupi, ulikokotwa nyuma yake. Kata ikagonga ukingo wa mtungi, maji yakanywewa, safari ya kurudi ikaanza.

"Zulfa, mwanangu, si ungeniamsha?"

"Kiu ni yangu, mama."

Miaka sita, na majibu ya namna hiyo. Lakini mtoto huyo mwenye majibu alikuwa ameapa kwamba shule haendi. Shule ilikuwa inafunguliwa Jumatatu ya tatu, na watoto wa mtaani walikwishampa jina, Bi Chechemea. Viatu vya kuongezwa soli alivyowahi kununuliwa vilikuwa vizito kama matofali. Alivivaa siku mbili, siku ya tatu akavifukia kwenye pipa la pumba.

Basi siku moja, kwenye foleni ya kliniki, Siwema akaona mtoto wa watu anakimbia. Anakimbia kweli, mbio za kukimbia, na kiatu chake kimoja kimenyanyuka soli, chepesi, kimeshonwa kwa ngozi laini. Siwema akamwendea mama wa mtoto huyo mbio. Huyo mama akamwambia, "Hivi nilivitoa nchi ya Chajiuza. Kuna fundi kule, mikono yake ina baraka."

"Anaitwa nani? Anakaa upande gani?"

Yule mama akafikiri kidogo. "Hilo sijui. Wewe ukifika, uliza tu."

Namna Siwema na Zulfa walivyofika Chajiuza ni habari ya vumbi na usingizi, haimfaidi msomaji. Tuseme wamefika.

Langoni pa nchi ile pamechongwa maneno kwenye jiwe: KIZURI CHAJIUZA, KIBAYA CHAJITEMBEZA. Sisi tunaujua huo kuwa ni msemo. Kwao ni katiba. Hayo ndiyo maandishi pekee ya hadharani katika nchi nzima, na raia hujivunia kwamba hawajawahi kuhitaji mengine. Kutokana na msemo huo imetungwa Sheria ya Staha, ambayo kwa ufupi inasema hivi: kwa kuwa kizuri hujiuza chenyewe, basi mwenye biashara anayetaja biashara yake amekiri kuwa ni mbaya. Adhabu ya kukiri ni mlango kupigwa lipu mpaka uzibe.

Kwa sababu hiyo milango yote ya Chajiuza imepakwa rangi moja, rangi ya majivu. Nyuma ya mlango mmoja pana familia inakula, nyuma ya mwingine pana duka la dawa, na kwa nje huwezi kuvitofautisha hata kwa harufu, kwani harufu nayo imetajwa katika kifungu cha nne.

Aliyewapokea ni Mkaguzi wa Staha, Bwana Mshamu, mtu mpole mwenye shati lililopigwa pasi mpaka mikunjo ikawa kama makali ya panga. Aliwapa kibali cha siku tatu.

"Siku ya tatu, jua likizama, mnatoka," alisema. "Na mgeni akishatoka, harudi mpaka ipite miaka saba."

"Kwa nini, mheshimiwa?"

"Isije ikaonekana amevutiwa."

Siwema akapiga hesabu upesi. Miaka saba. Zulfa angekuwa na miaka kumi na mitatu, na mguu wake umeshazoea kupinda. Akauliza hoteli iko wapi. Mkaguzi akamjibu kwa heshima kwamba hoteli zipo, tena nzuri sana, ila hazijulikani. Ndiyo maana wageni hugawiwa kwenye nyumba za watu. Wao wakagawiwa nyumba ya Mzee Shaweji na mkewe Bi Arafa, mtaa wa kusini, mlango wa majivu, kati ya milango miwili ya majivu.

Siku hiyohiyo ya kwanza, Bi Arafa alikuwa ameishiwa chumvi, Siwema akajitolea kwenda kuitafuta. Alibisha mlango wa tisa ndipo akaitikiwa na sauti ya mwanamke.

"Samahani dada, mnauza chumvi?"

"Watu husema."

"Kwa hiyo ipo?"

"Watu husema ipo."

"Shilingi ngapi?"

Mlango ukafunguka kidogo, jicho moja likamtazama toka juu hadi chini. "Bibie, nani kakuleta? Huna hata mjuzi? Mtu mzima unakwenda dukani mwenyewe, kama mbuzi?"

Hapo ndipo akaelewa. Chajiuza mteja haendi dukani, hupelekwa. Kuna watu wanaoitwa wajuzi, wameapishwa na serikali, na kila mjuzi amebeba kichwani maduka ya mtaa wake. Ukitaka kitu, unamtafuta mjuzi, unamnong'oneza, anakushika mkono. Siwema akafikiri: vizuri, basi nianze na mjuzi wa mtaa huu wa kusini nilikofikia, anipeleke kwa fundi wa viatu, na kesho mtoto anapimwa.

Alikwenda Idara ya Wajuzi. Njiani akapita foleni ya wanaume waliokuwa na nywele za kufika mabegani, wamejipanga mbele ya mlango wa majivu.

"Mnangoja nini, kaka zangu?"

"Kinyozi."

"Anafungua saa ngapi?"

"Hilo hatulijui."

"Mara ya mwisho alifungua lini?"

Wakatazamana. Wa mbele kabisa, ambaye nywele zake zilikuwa ndefu kuliko za wote, akasema kuna watu husema ni kabla ya mvua za mwaka juzi. Wa nyuma yake akadokeza kwamba huenda kinyozi alihama. Wengine wakamkemea kwa kukata watu tamaa.

Idarani alimkuta karani amejiinamia. Mjuzi wa mtaa wa kusini, alisema karani, alikuwa Mzee Upete, na Mzee Upete alifariki mwaka jana, ghafla, kwa kikohozi.

"Poleni sana," alisema Siwema. "Na yale maduka?"

"Maduka gani?"

"Aliyokuwa anayajua."

"Arobaini," alisema karani kwa majonzi. "Tulizika vizuri. Serikali ilitoa sanda."

"Nauliza maduka yenyewe yako wapi, baba."

"Nimekwambia, mama. Alikuwa nayo kichwani."

Siwema akarudi bila chumvi. Usiku ule walikula ugali na mboga iliyopooza, nao wenyeji wake hawakulalamika, kwani watu wa Chajiuza wamezoea kukosa vitu vilivyo nyumba ya pili. Mzee Shaweji alikuwa mtu mkimya, mwenye vidole gumba vipana vilivyojaa makovu madogomadogo. Kila Zulfa alipopita kwenda kunawa, macho ya mzee yalishuka chini yakamfuata.

"Huo wa kushoto," alisema mwishowe, kama anayejisemea, "umepungua kwa upana wa vidole viwili."

"Viwili na nusu, mzee. Umejuaje?"

"Macho tu."

Bi Arafa akakohoa.

"Mzee wangu," alisema Siwema, akaweka tonge chini, "nimetoka mbali kwa ajili ya mguu huu. Nasikia hapa nchini kwenu kuna fundi wa viatu. Wewe unamjua?"

Mzee Shaweji akautazama ukuta. Kisha akasema, kwa sauti ya mtu anayesoma hukumu yake mwenyewe, "Watu husema yupo."

Siku ya pili lilikaa Baraza la Staha, ambalo hukaa mara moja kwa mwezi na hupokea malalamiko ya wageni ili kuyakataa kwa utaratibu. Siwema akaenda na mtoto wake, akasimama mbele ya viti kumi na viwili.

"Waheshimiwa, shikamooni. Ninamtafuta fundi wa viatu. Mmoja tu. Sina nia mbaya."

"Tunakuamini," alisema mwenyekiti. "Lakini fundi mzuri hatafutwi. Akitafutwa ina maana hajulikani, na asiyejulikana si mzuri. Sasa wewe unamtafutia mtoto wako fundi mbaya kwa nini?"

Baraza likaguna kwa kuridhika. Siwema hakuondoka. Alikuwa mtu wa masomo ya jioni. Mchana alifua nguo za watu, jioni alikwenda darasani na mtoto mgongoni, na kitu kimoja alichojifunza huko ni kwamba swali la kijinga hujibiwa polepole.

"Mheshimiwa, kwetu mafundi wadogo wana kitu kinaitwa tovuti. Nami najifunza kuitengeneza. Ni kama mlango wa pili wa duka. Wa kwanza uko mtaani kwako. Wa pili uko mkononi mwa kila anayekutafuta, hata kama yuko nchi nyingine. Pale umeandika jina lako, kazi yako, ulipo, unafungua saa ngapi. Umeweka na picha za kazi ulizofanya. Mimi ningeisoma nikiwa kitandani kwangu, nikaja moja kwa moja, na siku zangu tatu zingetosha."

"Inasomwa na nani?"

"Na yeyote."

"Hata asiyeletwa na mjuzi?"

"Hata huyo."

"Na mwenye duka akiwa amelala?"

"Yenyewe hailali, mheshimiwa. Maswali yaleyale anayoulizwa kila siku, inayajibu yenyewe."

Mzee mmoja wa viti vya nyuma akainua fimbo. "Kitu kinachokufanyia kazi wewe umelala," alisema, "hapa kwetu kina jina, na anayekutwa nacho hufukuzwa kijijini."

Kikapita kicheko. Kisha akanyanyuka mwanamke mwembamba, muuza karanga, ambaye kisheria alitambulishwa kama mtu ambaye watu husema kitu fulani juu yake.

"Mimi sikatai, mdogo wangu," alimwambia Siwema. "Lakini nitazame. Karanga zangu ni sinia moja. Wateja wangu ni saba na nawajua kwa majina ya mama zao. Sinia moja nalo lina tovuti? Hiyo si ya wakubwa?"

"Dada, mkubwa hata akinyamaza kivuli chake kinaonekana. Anayepotea ni mwenye sinia moja. Hao saba, walikuwa saba mwaka jana?"

Muuza karanga akafikiri. "Walikuwa kumi na moja."

"Wanne wako wapi?"

"Wawili wamehama. Mmoja... Mzee Upete ndiye alikuwa anamleta." Akaketi taratibu, akaanza kuhesabu vidole vyake upya.

Ndipo aliposimama Bi Kidawa. Huyu ndiye mwanamke tajiri kuliko wote Chajiuza, na anayo nyumba yenye kibaraza kirefu kupita soko. Wenye biashara wanaruhusiwa kusimama kibarazani kwake bure, bila kusema neno, wakatazamwa na wapita njia. Sheria ilikwishaamua kwamba anayesimama hajitembezi.

"Mwanangu mgeni anatuchosha bure," alisema Bi Kidawa kwa upole mwingi. "Kuna nani amekosa nafasi kibarazani kwangu? Nimewahi kumtoza mtu senti?"

"Hapana mama, nimepita nikaona. Kimejaa watu," alisema Siwema. "Ila nimeona pia wafagiaji wako wanawapanga. Huyu mbele, huyu nyuma ya nguzo. Yule mwenye vyungu alikuwa mbele asubuhi, nilipopita tena nikamkuta nyuma ya pipa. Nilimuuliza kwa nini, akasema hajui. Kibaraza ni bure, mama yangu, lakini ufagio ni wako."

Bi Kidawa akatabasamu, akaketi, akajipepea.

Mwenyekiti akaona hatari, akairudisha hoja kwenye sheria. Nchini hapa hakuna hizo tovuti, alisema, ila tuchukulie mfano wa ubao wa kawaida uliotundikwa mlangoni, umeandikwa kazi ya mtu. Je, huko si kujitembeza?

"Ubao hautembei, mheshimiwa," alisema Siwema. "Umesimama palepale. Wanaotembea ni wateja."

Hoja hiyo ilijadiliwa saa nne. Wengine walisema ubao unatembea, kwa kuwa habari zake hufika mbali. Wengine wakajibu kuwa hata mlima habari zake hufika mbali na bado haujahama. Mzee wa fimbo alitaka kujua ubao ukipigwa na upepo itakuwaje. Jua lilipokuwa linateremka likapitishwa azimio: iundwe kamati ya watu watano, watundike ubao mmoja mtupu mahali pa wazi, wauangalie kwa mwaka mmoja usiku na mchana, na ukisogea watoe taarifa. Mwenyekiti akamshukuru mgeni kwa mchango wake.

Siwema akatoka nje amemshika Zulfa mkono. Mtoto alikuwa amechoka, anamlalia mamaye ubavuni kila hatua.

"Mama, wamesema yuko wapi?"

"Bado, mwanangu."

"Tukabishe milango yote."

Walibisha. Walibisha milango mia moja na kumi na mitatu mpaka usiku, hadi ikawa haionekani tena. Watu husema, watu husema, watu husema. Hakuna aliyewatukana. Ni hilo lililomuuma Siwema zaidi. Kila mmoja alisikitika kwa dhati.

Siku ya tatu aliamka akaanza kufunga mizigo. Hakuwa na mengi: kanga mbili, daftari la darasani, viatu vya Zulfa ambavyo kimoja kilikuwa kimelika upande hadi ngozi ikabaki kama karatasi. Alikishika kiatu hicho. Alilia bila sauti, ameligeukia dirisha, ili mtoto asimwone.

Mzee Shaweji alikuwa mlangoni. Alikitazama kile kiatu. Akakichukua mkononi mwake, akakipindua, akapitisha kidole gumba kwenye mshono.

"Nani alishona uchafu huu?" alisema.

"Baba Hamida!" Bi Arafa akaita kutoka jikoni. "Mume wangu, nyamaza!"

"Sinyamazi. Uzi wa nailoni kwenye ngozi ya ng'ombe! Hata nguruwe hashonwi hivi." Akamgeukia Siwema, uso umemwiva. "Mlete mtoto."

Akafunua pazia la nyuma. Siwema alikuwa amelipita pazia hilo siku mbili akidhani ni la stoo. Nyuma yake palikuwa na meza, nyundo, visu, mikunjo ya ngozi, na ukutani, vimetundikwa jozi kwa jozi mpaka darini, vilikuwako viatu ambavyo havijawahi kuvaliwa na mtu.

Siwema akawaka hasira.

"Mzee! Siku mbili! Nimekula chakula chako, nimekuuliza uso kwa uso!"

"Nami nilikujibu. Nilikwambia watu husema yupo."

"Nilibisha milango mia nzima! Mtoto amepata malengelenge!"

"Unadhani mimi nililala?" Sauti ya mzee ikapasuka. "Mwaka mzima tangu Upete afe sijashona jozi hata moja ya kuagizwa. Nimekaa na mteja mezani kwangu, nampitishia mboga, mguu wenyewe unapita mbele ya macho yangu, pa, shwaa, nikasema moyoni, Shaweji, ukifungua kinywa mlango wako utapigwa lipu na mkeo atakuwa anatoka kwa dirisha. Kaa hapa, mjukuu wangu. Weka mguu juu ya karatasi."

Akaanza kupima. Akauzungushia mguu mstari wa chaki.

Kazi ilipokolea, ulimi nao ukalegea. Alisimulia kwamba kabla ya Upete alikuwa akisimama kibarazani kwa Bi Kidawa, na alikuwa na wateja mia mbili. Wafagiaji walikuwa wanawasogeza mbele wanaochekesha, basi naye, mtu wa miaka sitini na mitatu, akajifunza kucheza huku ameshika kiatu.

"Alicheza vibaya," alisema Bi Arafa, ambaye alikuwa amekwishakata tamaa na sasa anachemsha chai.

"Walikuwa wanapiga makofi."

"Walikuwa wanakuonea huruma, baba Hamida."

"Basi asubuhi moja nafika, nakuta nimefagiwa. Nauliza kosa langu, naambiwa mpangilio umebadilika. Na wale mia mbili walibaki kulekule, mwanangu. Walikuwa wanajua kibaraza. Mimi hawanijui, na mlango wangu hawajawahi kuuona."

Siwema akatoa daftari lake. Pale uani palikuwa na ubao wa kabati lililovunjika. Akauvuta, akachukua kipande cha mkaa.

"Bi Arafa, nisaidie. Wateja walikuwa wanamuuliza nini kila siku?"

"Aa, hao! Kila mtu maswali yaleyale mpaka kichwa kinauma. Uko wapi. Unafungua saa ngapi. Unashona vya watoto? Vya miguu isiyolingana je? Inachukua siku ngapi?"

"Nijibu moja moja."

Bi Arafa alijibu, kwanza kwa kunong'ona, halafu kwa sauti ya kawaida, halafu mikono kiunoni. Siwema akaandika kwa herufi kubwa, na chini akachora kiatu chenye soli iliyonyanyuka. Mzee Shaweji aliinua macho mara moja, akausoma, akaurudia tena kuanzia mwanzo.

"Ni mimi huyo?" aliuliza.

"Ni wewe, mzee. Sijaongeza kitu."

"Siwezi kuutundika. Unajua."

"Najua."

Wakauegemeza ukutani, maandishi yakitazama ukuta.

Jua lilikuwa limebakiza upana wa kiganja fundi alipokata uzi wa mwisho. Zulfa akavaa. Alisimama, mabega yote mawili yakawa sawa, na kwa muda akabaki hivyo hivyo bila kusogea, kama mtu aliyebebeshwa yai. Kisha akatembea mpaka mlangoni. Kisha akarudi. Kisha akatoka nje kabisa, akaanza kukimbia mtaani huku na huku, na milango ya majivu ikaanza kufunguka mmoja baada ya mwingine.

Wakati huo ndipo alipofika Bwana Mshamu kuwatoa wageni. Alimwona mtoto aliyekuja akichechemea. Akaona viatu. Akaona mlango wa Mzee Shaweji uko wazi na vumbi la ngozi limefika kizingitini. Nyuma yake walikuwa vijana wawili, mmoja na ndoo ya lipu, mwingine na mwiko. Hutembea naye kila mahali.

"Mzee Shaweji," alisema kwa huzuni. "Hapa pana nini?"

Mzee akasimama na nyundo mkononi. Bi Arafa akang'ata ncha ya kanga yake. Mtaa mzima ulikuwa nje sasa: wenye kandambili zilizofungwa kwa kamba, wenye viatu vya kulia viwili, na mama mmoja wa mlango wa mkabala aliyembeba mgongoni mtoto mkubwa wa miaka minane, miguu yake inaning'inia hailingani.

"Kifungu cha kumi na mbili," alisema Mkaguzi, akakisoma kwa ghibu. "Mwenyewe akisema, lipu. Mwenyewe akinyamaza, na mwingine akamsemea kwa sauti mbele ya watu, basi imeshakuwa watu husema, na mlango wake hauguswi na mtu. Kuhusu ubao ule ulioinamia ukuta, kamati bado inauangalia mwenzake, kwa hiyo mimi siuoni. Sasa nauliza, na sheria inanitaka niulize mara tatu. Hapa pana nini?"

Siwema akafungua kinywa.

"Si wewe, mama. Wewe ulitangaza barazani kwamba una shida. Maneno ya mwenye shida hayapokelewi."

Akauliza mara ya pili. Mama wa mkabala alimtazama mzee, akautazama mguu wa Zulfa, machozi yanamtiririka, wala hakusema. Hawakuwa watu wabaya. Kila mmoja alikuwa anangoja watu waseme.

Kijana wa lipu akaanza kukoroga ndoo.

"Mara ya tatu," alisema Bwana Mshamu, na sauti yake ilikuwa kama ya mtu anayeomba. "Hapa pana nini?"

Zulfa alikuwa amesimama katikati ya njia, anahema kwa kukimbia. Akaunyoosha mkono.

"Babu huyu anashona viatu, na mlango wake ni huu."